Kukata tiketi ya treni ya India ukiwa bado nyumbani: kwa wanaopeleka wagonjwa Vellore, Chennai na kwingineko

Mwana_Katpadi

Wakuu, habari za humu.

Mara kwa mara naona mtu anauliza hospitali ipi India ni nzuri kwa moyo, figo au mgongo, na majibu huwa mengi na mazuri. Ila akiuliza ataufikaje huo mji wenye hospitali, anaambiwa "ukishatua utapata mwenyeji wa kukusaidia". Huyo mwenyeji akiona wageni wenye mgonjwa, tiketi anawauzia kwa bei anayoitaka yeye, na mara nyingi si hata tiketi yenye kitanda. Inaniuma, kwa sababu zile hela watu wamezichangishana ukoo mzima, nyingine zimetoka kwenye harambee ya msikitini au kanisani.

Nilisoma India, na tangu wakati huo nawakatia tiketi ndugu na majirani wanaokwenda matibabu. Tiketi ya treni ya India unaweza kuikata mwenyewe ukiwa Dar, Mwanza au Mombasa. Na kama unasafiri na mgonjwa, usikubali kupanda treni ya usiku bila kitanda kilichothibitishwa. Mengine yote kwenye uzi huu yanatokana na hilo.

Nianze na stesheni, maana hapo ndipo wengi wanapopotea kabla hata ya kulipa. Hospitali ya CMC iko Vellore, lakini treni kubwa zinasimama Katpadi, kifupi chake KPD, kama kilomita 130 kutoka Chennai. Ukiandika "Vellore" kwenye tovuti utaletewa Vellore Cantonment, stesheni ndogo yenye treni chache, halafu utadhani hakuna usafiri. Andika Katpadi. Ukishuka pale, hospitali iko kilomita chache tu, bajaji zimejaa nje.

Chennai nayo ina stesheni kubwa zaidi ya moja. Treni nyingi za kwenda Katpadi na Bengaluru zinaondokea Chennai Central (MAS), na Egmore (MS) ni nyingine kabisa. Mumbai ndiyo usiseme: kuna CSMT, kuna Mumbai Central, kuna Lokmanya Tilak, kuna Bandra Terminus, na kati ya moja na nyingine unaweza kukaa kwenye foleni ya magari hadi treni ikuache. Soma kile kifupi cha herufi kwenye tiketi, kisha mwonyeshe dereva hicho hicho.

Sasa akaunti. Tiketi za mtandaoni zinauzwa na IRCTC, kampuni ya serikali ya India. Unajisajili kwa barua pepe na namba yako ya huku, ya 255 au 254, na namba ya kigeni hulipiwa ada ndogo ya rupia 100 pamoja na kodi, mara moja tu. Watakutumia namba za uthibitisho. Fanya hili wiki kadhaa kabla ya safari, laini ikiwa hewani, usingoje hadi uko uwanja wa ndege umeshabadilisha laini.

Majina: nafasi yake ni fupi, majina matatu marefu ya pasipoti zetu hayatoshei. Andika la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye pasipoti, uraia wako, na namba ya pasipoti. Umri uandike sahihi, kwa sababu mfumo wa tiketi hujaribu wenyewe kuwapa vitanda vya chini wazee na wanawake wa miaka 45 na kuendelea. Na ndani ya treni mkaguzi atataka pasipoti yenyewe, nakala haitoshi.

Madaraja. Kwa mgonjwa mimi nashauri 2A, kama mfuko unaruhusu. Ina kiyoyozi, vitanda ni viwili kwenda juu, pazia lipo, na mashuka na blanketi unapewa. 3A ni nafuu zaidi na watu wengi wanaitumia bila shida, lakini vitanda ni vitatu kwenda juu, na kile cha kati kinafunguliwa usiku tu, saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga hawezi kupanda cha kati wala cha juu. Daraja la SL halina kiyoyozi na linajaa sana. Kijana mwenye begi moja sawa, mgonjwa hapana. Kwa safari fupi ya mchana kama Chennai hadi Katpadi, chukua CC, viti vya kawaida vyenye kiyoyozi.

Kabla ya kulipa kuna visanduku vya kuweka tiki. Kimoja kinasema tiketi ikatwe endapo tu vitanda vimethibitika. Kingine, endapo angalau kitanda kimoja cha chini kimepatikana. Watu wanavipita bila kusoma. Kwa mwenye mgonjwa, hivyo viwili vina thamani kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule. Ukiweka tiki na nafasi hakuna, tiketi haikatwi, unatafuta treni nyingine mapema badala ya kugundua uko stesheni.

Sasa hali ya tiketi, na hapa naomba msome taratibu.

Ukiona CNF, una kitanda. Kwa mfano CNF/B4/25 maana yake behewa B4, kitanda namba 25. Ukiona RAC, unaruhusiwa kupanda, lakini unakaa nusu kitanda cha pembeni mwa njia, mnagawana na abiria mwingine, mkisubiri mtu aliyeghairi. Ukiona WL, uko kwenye foleni, huna kitu. Tiketi ya mtandaoni ya WL ambayo haijathibitika hadi orodha ya abiria inafungwa hufutwa yenyewe, na ukipanda nayo unahesabika huna tiketi. Orodha hiyo hufungwa saa kadhaa kabla ya treni kuondoka.

Kila tiketi ina PNR, namba ya tarakimu 10. Kwa hiyo namba unaangalia hali yako wakati wowote, bila kumuuliza mtu. Kama kuna anayekukatia tiketi na hataki kukupa PNR, dai hela yako.

Mauzo ya tiketi yanafunguliwa siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa 120, zikapunguzwa kuanzia Novemba 2024. Ufunguzi ni saa 2 asubuhi ya India, na India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo kwetu ni saa 11 na nusu alfajiri. Lakini mwanzo wa mauzo umewekewa masharti ya Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India, kwa hiyo mgeni asitegemee kukata mara tu mauzo yanapofunguliwa. Ingia baadaye, chagua treni ambayo haigombewi. Tatkal, zile tiketi za dharura zinazouzwa siku moja kabla, nazo tangu Julai 2025 mtandaoni zinataka Aadhaar. Nimesikia wenyeji wakiwaahidi wageni "tutakupatia Tatkal". Usijenge safari ya mgonjwa juu ya ahadi hiyo.

Jingine: tovuti hulala kidogo kila usiku, kuanzia kama saa 6 kasorobo usiku kwao, ambayo kwetu ni saa 3 na robo usiku. Wengi wetu ndio tumetulia na simu muda huo. Ikikataa, si kadi yako wala mtandao wako, rudi baada ya saa moja.

Karibuni kwa maswali.

pwani_254

Asante sana ndugu. Sisi wa Mombasa tumezoea kukata Madaraka Express kwa simu, dakika mbili umemaliza, kwa hivyo nilipofungua hiyo tovuti ya India nilidhani nitalipa hivyo hivyo. Imenikatalia kadi. Nampeleka mzee Vellore kupitia Chennai mwezi ujao. Je, kadi ya M-PESA GlobalPay inakubali? Na kuna mtu ameniambia kuna nafasi za wageni peke yao, ni kweli?

Mwana_Katpadi

Pole, na Mungu amjalie mzee.

Kwanza kadi. Kwenye ukurasa wa malipo kuna njia nyingi ambazo ni za wenye benki za India tu, UPI na nyinginezo. Usizihangaikie. Tafuta sehemu iliyoandikwa kadi za kimataifa, ndipo Visa au Mastercard ya huku inapoingia. GlobalPay ni Visa, jaribu hapo. Kama ni kadi ya benki, wapigie kwanza uwaombe waifungulie manunuzi ya nje kwa mtandao, nyingi huwa zimefungwa bila mwenyewe kujua. Ikitokea pesa imekatwa lakini PNR haijatoka, usilipe mara ya pili papo hapo. Angalia kwanza orodha ya tiketi zako kwenye akaunti. Malipo yaliyokwama kwa kawaida hurudi kwenye kadi ile ile, ingawa kwa kadi za nje huchukua siku.

Ikikataa kabisa, kuna mawakala wa mtandaoni kama 12Go wanaouza tiketi za India bila wewe kuwa na akaunti ya IRCTC. Wanaongeza chao juu, lakini bei unaiona kabla ya kulipa.

Na ndiyo, kuna nafasi za watalii wa kigeni kwenye baadhi ya treni. Zinaweza kukatwa hadi siku 365 kabla, nauli yake iko juu kuliko ya kawaida, na unaikuta kwenye ile orodha ya aina za nafasi unapotafuta treni. Ukiwa Delhi, kuna ofisi yao ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, unakwenda na pasipoti. Akitokea mtu nje akakwambia ofisi imefungwa au imehamia mtaa wa pili, mpite. Ingia ndani ujionee mwenyewe.

MjukuuWaKaroo

Mleta uzi, naheshimu ulichoandika, ila kwa nini tumtese mgonjwa na treni? Ndege za ndani India si ghali hivyo. Mtu ametua Mumbai na Air Tanzania, aunganishe ndege hadi Chennai, achukue gari hadi Vellore, amemaliza. Treni Mumbai hadi Chennai ni kama siku nzima na usiku wake.

Mwana_Katpadi

Mkuu, kwa Mumbai hadi Chennai nakubaliana nawe kabisa. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na mgonjwa aliyetoka tu kwenye ndege ya usiku hana haja ya kulala tena ndani ya treni. Nauli ya ndege hapo ni hela iliyotumika vizuri.

Kuanzia Chennai ndipo tunapotofautiana. Gari la kukodi ni sawa kama mko wanne na mizigo. Lakini mwenye maumivu ya mgongo akikaa kwenye gari barabara ile, kila tuta analisikia. Kwenye treni ananyoosha miguu, anasimama, choo kipo. Na kuna wanaokwenda na kurudi kliniki mara kadhaa, huku wamepanga chumba Chennai kwa ndugu. Hao gari litawamaliza. Vilevile usisahau wasindikizaji: mgonjwa anaweza kupanda ndege na mtu mmoja, yule wa pili mwenye masufuria na mabegi akaja na treni kwa sehemu ndogo ya gharama.

Mnazi_Mkinda

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja. Naomba niongeze jambo moja la saa, kwani nimeona limewaumiza jirani zangu hapa mtaani.

Tiketi iliandikwa 00:20, tarehe 15. Wao wakahesabu kwamba usiku wa tarehe 15, baada ya isha, ndiyo wende stesheni. Wamefika, treni ilishaondoka tangu usiku uliotangulia. Pesa haikurudi, na mgonjwa alikuwa na miadi asubuhi yake. Walilala ukumbini stesheni na bibi wa watu wa miaka sabini.

Treni ya 00:20 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Yaani tarehe 14 ukishasali isha, ndiyo unaondoka nyumba ya wageni.

Mwana_Katpadi

Wa alaykumu ssalaam. Ahsante sana, hili lilistahili kuwa juu kabisa ya uzi.

Nikazie hapo hapo. Saa zote za treni India ni za mtindo wa 24. 07:40 ni saa 1 na dakika 40 asubuhi yetu, 15:30 ni saa 9 na nusu alasiri, 18:00 ni saa 12 jioni. Dereva wa India akikwambia "seven forty", akilini mwa mama aliyezoea saa za Kiswahili inaingia saa saba na dakika arobaini mchana. Chukueni karatasi, andikeni saa kwa Kiswahili na siku kwa jina: "Jumanne asubuhi, saa moja na dakika arobaini". Mpeni kila msafiri yake.

Kandili

Mimi ni mwanafunzi Chennai, niongeze ya stesheni.

Treni ni ndefu sana, mabehewa yanaweza kupita ishirini. Ukisimama mwanzo wa jukwaa na behewa lako liko mwisho, na treni Katpadi inasimama dakika chache tu, utakimbia na mgonjwa. Juu ya jukwaa kuna vibao vya taa vinavyoonyesha namba ya behewa litakaposimama: A1, A2, B1, B2. A ni 2A, B ni 3A, C ni viti vya CC. Simama chini ya kibao chako kabla treni haijaingia.

Wapagazi wamevaa mashati mekundu na beji ya shaba mkononi. Wanabeba mizigo kichwani, sanduku juu ya sanduku. Patana bei kabla hajagusa begi. Mgonjwa asiyeweza kutembea, ulizia kiti cha magurudumu ofisi ya msimamizi wa stesheni, na mfike mapema, kwa sababu madaraja ya kuvuka kwenda majukwaa mengine yana ngazi nyingi na lifti haziko kila mahali.

Namba za vitanda kwenye 3A hujirudia kwa nane. Ya 1 na ya 4 ni chini, 2 na 5 kati, 3 na 6 juu, 7 pembeni chini, 8 pembeni juu. Kwa hiyo ile 25 ya mleta uzi ni ya chini. Ukipata za juu peke yake usikate tamaa, waombe abiria wenzako kwa upole wabadilishane. Wahindi wakiona mgonjwa, wengi hawakatai. Nimeona baba wa watu na familia yake wakihamisha hadi vyakula vyao ili bibi wa kutoka Tanga alale chini.

Na usiku kiyoyozi kinauma, blanketi la treni mgonjwa atalitaka lote. Njooni na shuka au kanga ya ziada.

pwani_254

Dada Kandili, hii ya namba za vitanda sikuwa naijua hata kidogo. Nimeshakata leo asubuhi, CC, Chennai Central hadi Katpadi, CNF. Mzee ameangalia PNR mwenyewe kwa simu yake, amefurahi.

Sahani_ya_Udongo

Wakuu naomba msaada wa haraka. Tuko Bengaluru, tumekatiwa tiketi ya kesho usiku kwenda Hyderabad na mtu tuliyeelekezwa na nyumba ya wageni. Imeandikwa PQWL 14. Anasema "itapita tu, msijali". Mama ametoka hospitali jana. Tumelipa tayari.

Mwana_Katpadi

Pole sana. Nijibu haraka.

PQWL ni foleni ya kundi dogo la nafasi, na inasonga polepole kuliko GNWL, foleni ya kawaida ya treni nzima. Ya 14, kesho usiku, na mama ametoka hospitali jana: mimi nisingeingoja. Fanyeni hivi sasa hivi. Mwombeni huyo mtu PNR kama hamna. Mwambieni aifute leo hii, maana hela inarudishwa kwa aliyelipa, na mkiwa naye hapo ndipo mtaipata. Kisha tafuteni treni nyingine yenye nafasi iliyothibitika, hata ikiwa keshokutwa, na mwangalie stesheni zote: Bengaluru kuna SBC katikati ya mji, Yesvantpur, na SMVT, Hyderabad kuna Secunderabad, Hyderabad yenyewe na Kacheguda. Mkibadilisha jozi ya stesheni, nafasi huwa zinaonekana. Kama hakuna, angalieni ndege. Kulala usiku mmoja zaidi nyumba ya wageni ni nafuu kuliko mama kusimama mlangoni mwa behewa usiku kucha.

Sahani_ya_Udongo

Tumempata, amefuta, karudisha kasoro makato. Tumepata 2A ya keshokutwa kutoka Yesvantpur, vitanda viwili, kimoja cha chini. Mungu awabariki wote.

MjukuuWaKaroo

Alhamdulillah. Swali la mwisho kwa mleta uzi: ya kurudi tuikate pamoja na ya kwenda?

Mwana_Katpadi

Usikate, mkuu, kama bado hamjaonana na daktari. Siku za vipimo huongezeka, na upasuaji ukisogezwa wiki moja tiketi yote inaharibika. Kufuta kunakatwa, na kadiri unavyosogea kwenye saa ya kuondoka ndivyo makato yanavyopanda, hadi unafika mahali harudishiwi mtu kitu. Kaeni hadi daktari atoe tarehe ya ruhusa kwa maandishi, kisha ongezeni siku mbili tatu za kupumzika, ndipo mkate.

Tiketi ya ndege ya kurudi Dar nayo ipangwe hivyo hivyo: treni ifike angalau siku moja kabla, kwa sababu treni za masafa marefu huchelewa, hasa kaskazini miezi ya Desemba na Januari wakati wa ukungu. Mkiwa ndani ya treni na kuna tatizo lolote, mgonjwa kuzidiwa, mtu kukalia kitanda chenu, pigeni 139. Hiyo ni namba ya reli yenyewe. Tajeni PNR na namba ya behewa, wafanyakazi wa reli watawafuata hapo mlipo au stesheni inayofuata.

Nitakuwa napita humu jioni jioni. Mwenye treni anayotaka kuiangalia aweke jina la mji anakotoka, anakokwenda na tarehe, nitamtafutia. Namba ya pasipoti wala PNR msiweke hadharani.